Mama Presha na foleni ya wajawazito

Saa mbili asubuhi, foleni ya kliniki ya wajawazito imeshafika mlangoni. Mwanamke mwenye aproni ya bluu anapiga deki kati ya mabenchi, lakini macho yake yako kwenye miguu ya watu.

“Shoga, viatu vinakubana au miguu imevimba?” anamuuliza mjamzito mmoja.

“Imevimba. Si ndiyo mimba yenyewe?”

“Na kichwa?”

“Kinauma tangu juzi. Naona vimulimuli.”

Mfagiaji anaacha kazi, anamshika mkono na kumpeleka kwa muuguzi huku foleni ikinung’unika. Kipimo cha presha kinasoma 170 kwa 110. Robo saa baadaye, mjamzito huyo yuko wodini.

Hapa mfagiaji huyu anaitwa Mama Presha. “Jina nimelisotea,” anasema akicheka.

Miaka tisa iliyopita, akiwa na mimba ya wiki thelathini na moja, naye alivimba, akaumwa kichwa, akanyamaza. “Mama mkwe alisema nadeka. Nikaona aibu kulalamika.”

Siku ya nne alianguka jikoni, mwili mzima ukitetemeka. Kilikuwa kifafa cha mimba. Alifanyiwa upasuaji akiwa hajitambui.

Alipozinduka, alionyeshwa binti wa gramu 1,300, akipumua kwa msaada wa mashine. “Nilimwogopa. Mkono wake ulikuwa kama kidole changu.”

Mtoto alipopata nguvu, wauguzi walimfundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Kwa wiki tano alipokezana na mama mkwe yule yule. “Hakuwahi kuniomba radhi kwa maneno. Alikuja kila siku, akafungua vifungo, akambeba.”

Binti yuko darasa la tatu. “Ana mdomo, usiombe!”

Msimamizi wa wauguzi anakiri kwamba mwanzoni walimwona ana kiherehere. Mwaka huu amewaletea wanawake kumi na wanne. Tisa walikutwa na presha ya juu. “Siku hizi akigonga mlango, naacha chai.”

Saa sita, habari zinatoka wodini: presha inashuka, mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri. Mama Presha anashusha pumzi.

Mwezi ujao anaanza mafunzo ya uhudumu wa afya ya jamii, apite nyumba kwa nyumba. “Wa hapa nawaona. Nawawaza waliolala nyumbani wakiambiwa wanadeka.”

Jioni binti ndiye anayemsikiliza akikariri dalili za hatari. Juzi Mama Presha alizitaja zote bila kuchungulia daftari.

“Akaniambia, ‘Mama, umepata zote. Sasa nenda kawaambie.’”