Picha na Mchekeshaji

Dada yangu alipogombea udiwani, mpinzani wake alituletea mchekeshaji wa televisheni, yule ambaye kisiwa kizima cha Juani tulikuwa tukijazana kumtazama kwenye banda la video. Dada hakuwa na staa wa kumleta. Alikuwa mkulima wa mwani mwenye sauti ya kukwaruza, na hoja yake ilikuwa moja: sisi tunaoishi ndani ya hifadhi ya bahari tuulizwe kwanza kabla ya kupangiwa pa kuvua na pa kulima.

Waliopanga mkutano wa mchekeshaji walitoka mjini. Wakauweka saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yamekupwa kabisa na wanawake wote wako pwani wanafunga mwani kwenye kamba. Nani aache kamba zake siku kama hiyo?

Niliacha mimi. Nilimwambia dada tumbo linaniuma, nikaenda. Uwanjani kulikuwa na watoto, wazee wachache na mimi, na Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikaomba picha. Wakanivisha kofia ya chama chao, nami nikachekelea.

Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa imezagaa kwenye simu, na maneno chini yake: hata mdogo wake amemkimbia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba majuma mengi, mimi nimemharibia kwa dakika moja.

Alasiri, maji yamejaa na wanawake wamesharudi, dada akafanya mkutano wake. Nilijibanza nyuma. Akainua simu juu.

"Mmeiona hii? Huyu asubuhi kaniambia anaumwa tumbo! Hebu njoo mbele, bibie. Alichekesha?"

"Sana, dada."

"Na kura utampa nani?"

"Wewe."

"Basi mwacheni. Kucheka kacheka kwao, kura yake ipo nyumbani."

Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu picha ile izagae. Siku ya uchaguzi matokeo yalipobandikwa, dada ameshinda, nikakaa mchangani nikalia kwa raha.

Miaka baadaye nilimuuliza kama siku ile hakukasirika.

"Nilikasirika mno," akasema. "Lakini ningekukana mbele za watu nikashinda, ningerudi nyumbani kwa nani?"