Saini ya Mzee Kasimiri

Mzee Kasimiri huuza maharage sokoni Sumbawanga, lakini anachokipenda hasa ni kusikiliza Bunge redioni. Mwaka ule wenzake waliposhangilia kwamba serikali imeshasaini mkataba wa soko huru la Afrika, eti maharage ya Ufipa yatafika hadi Ghana, aliwanyamazisha wote.

"Kusaini si kuridhia! Someni Katiba, ibara ya sitini na tatu. Mpaka Bunge liujadili na kuuridhia, hamna kitu."

Bunge lilipouridhia, alicheza juu ya magunia, mzee mzima, mpaka gunia moja likapasuka na soko zima likainama kuokota maharage kwa vicheko.

Mwaka huu akasaini mkataba wa kwake. Wazazi wa kijana Mboje, wafugaji waliohamia Kaoze kule bondeni kutoka Usukumani, walikuja kumposa binti yake Lucia. Kasimiri alimpenda kijana yule kupita kiasi. Akakubali mahari papo hapo, wakapeana mikono, bila kuuliza ukoo.

Kesho yake dada yake Cornelia akaingia na mashangazi wote, kanga zimekazwa viunoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Tumesikia umesaini. Bunge gani limeridhia?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kasimiri alitaka kucheka, lakini akajizuia. Wakikataa, neno lake kwa wageni limekufa, na Lucia hatamsamehe.

"Kwanza ng'ombe waongezwe," akasema shangazi mmoja. "Halafu wakae hapahapa mjini, huko bondeni kuna joto."

"La hasha! Bunge haliandiki mkataba upya. Wenzetu nao wameshasaini. Mtaridhia au mtakataa."

"Basi tutakataa," akasema Cornelia.

Kasimiri aliulaani ulimi wake, lakini angerudi nyuma vipi? Akasimama, akakohoa kama Spika.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Mashangazi wakafunga midomo.

"Ndiyooo!"

Sauti ilitoka jikoni. Lucia alichungulia mlangoni, mwiko mkononi, unga hadi kwenye nyusi, akajiziba mdomo kwa aibu. Shangazi mmoja akaangua kicheko, wa pili akamwangukia begani.

"Huyo si mbunge!" Cornelia akafoka.

"Kweli dada," akasema Kasimiri, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Huyo ndiye mwananchi."

Cornelia alijaribu kukunja uso, akashindwa. Kigelegele cha kwanza kilikuwa chake.