Gia ya Kushukia

Kwetu Old Moshi baiskeli haipandi mlima, hupandishwa. Unashuka nayo umekaa kama bwana mkubwa, unarudi unaisukuma kama ng'ombe mkaidi. Baba zetu walifanya hivyo na baiskeli zisizo na gia. Zenye gia zilipokuja na mitumba, watu wakaendelea kusukuma.

Mume wangu yuko Dar, kwa hiyo ni shemeji, mdogo wake, aliyenipeleka sokoni Moshi kuchagua baiskeli ya kupelekea maziwa mjini. Zilikuwepo mbili. Moja, magurudumu yake ya meno ya nyuma yalikuwa madogo madogo, yamebanana. Nyingine ilikuwa na moja pana kama sahani. Nikazungusha pedeli kwa mkono. Ya sahani, tairi lilijongea kidogo tu, lakini kwa nguvu ya kidole. Fizikia ya kidato cha tatu haijanitoka kichwani. Hiyo ingepanda.

"Hii," nikasema.

"Shemeji, hiyo ni ya kuchezea watoto! Utakanyaga mpaka ukonde, hujafika popote."

"Nataka kupanda nimekaa."

Alicheka mpaka muuzaji naye akacheka. "Umekaa! Nani kwetu umemwona anapanda amekaa? Mlimani tunasukuma, shemeji. Gia ni ya tambarare."

Tukachukua ile ya meno madogo. Nilisema "hii" mara moja tu. Laiti ningesema mara ya pili, hata kwa kupiga kelele pale sokoni.

Mtoto wangu alikuwa bado ananyonya, hajaota hata jino. Kwenda mjini nilikwenda kama mshale. Kurudi ndiko kulikonimaliza. Madumu matupu, lakini hata gia nyepesi kuliko zote ilikuwa nzito. Nakanyaga kidogo, magoti yanakataa, nashuka, nasukuma. Maziwa yananivuja, blauzi imelowa, na mwanangu yuko juu huko kihambani, kwenye migomba yetu, kwa bibi yake, analia njaa. Mama mkwe angefanya nini? Alimpa ya ng'ombe, kwa kikombe.

Siku moja nikiwa nasukuma, wakanipita wazungu wawili wanaozunguka nchi kwa baiskeli, mabegi yananing'inia pande zote. Walikuwa wanapanda. Wamekaa! Polepole kama kinyonga, ila wamekaa, na nyuma, sahani ileile. Mwanamke akanipungia mkono. Sikumrudishia. Mikono yangu yote ilikuwa kwenye usukani.

Nilipofika nikafungua blauzi hata kabla sijakunywa maji. Mtoto akaligusa titi kwa mdomo, akaliacha, akageuza shingo kutafuta kikombe.

"Amekua huyo," mama mkwe akasema, ananifariji.

Amekua wapi? Amechoka kunisubiri.

Nje shemeji alikuwa anaifuta baiskeli vumbi. "Lakini kwa kushuka, shemeji, hii hakuna wa kuikamata!"

Nikachukua kanga, nikajifunga kifuani, nikaikaza mpaka nikashindwa kuvuta pumzi vizuri. Ndivyo wanavyoyakausha maziwa.