Wifi Asiyetakiwa Mlangoni

Walimwita Pilipili kwa sababu ya ulimi wake. Miaka kumi na minne alikuwa akipiga deki kliniki ya magonjwa ya akili, na akipitisha tambara chini ya viti aliwasikia wazazi wakieleza jinsi watoto wao walivyoanza kuumwa. Karibu wote walimalizia kwa kusema, "Tulidhani ni ujana tu."

Jumamosi moja alikwenda kumtazama kaka yake. Binti wa kaka huyo, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa akisomea ufundi umeme. Pilipili alimkuta ameziba soketi zote za chumba kwa utepe mweusi, nywele hazijachanwa, macho mekundu.

"Shangazi, ongea taratibu. Wanatusikia."

"Akina nani?"

"Waliomo ukutani. Wananitukana tangu mwezi juzi."

Pilipili alirudi sebuleni moja kwa moja. "Huyu mtoto anaumwa. Jumatatu tumpeleke kliniki."

Wifi yake aliweka kikombe chini. "Ana hasira za kufeli mtihani. Wewe umezoea kufagia vichaa, sasa unatafuta wa kwako?"

"Ninayefagia ndiye ninayewaona wakiletwa na kamba mikononi. Ngojeni, na nyie mtamleta hivyo hivyo."

Kaka akamwonyesha mlango.

Wiki ile wifi alimtangaza mtaani kwamba ana kijicho, hana mtoto ndio maana anawaombea wenzake mabaya. Walipokutana bombani, Pilipili alishindwa kujizuia. "Kijicho cha nini? Cha mwanao anayebishana na ukuta?" Wanawake wote pale waligeuka, ndoo zikafurika. Alijua hapo hapo kwamba amekosea. Siku iliyofuata binti alifungiwa ndani kwa kufuli, watu wasimwone.

Muuguzi wa kliniki alimsikiliza Pilipili, kisha akamkemea. "Mama, sauti zile yeye anazisikia kweli. Usimbishie, usimcheke. Muulize kinachomsumbua, umlete mapema. Akichelewa, kupona nako kunachelewa."

Basi mchana mmoja, wifi akiwa kazini, Pilipili alisimama dirishani kwa binti. "Mimi siwasikii hao watu. Ila naona hulali. Kuna mtu anaweza kukusaidia ulale. Utakuja?"

Binti alisogea karibu na dirisha. "Nitakuja. Nimechoka."

Kaka mtu alitokea wakiwa bado wanazungumza. Aliwatazama wote wawili, akatupa ufunguo chini, miguuni pa dada yake. "Mchukue. Lakini ukitoka naye, mlango huu usiujue tena."

Aliuokota, akafungua.

Dawa za kwanza alizopewa kliniki zilimfanya binti alale kutwa na kunenepa, daktari akabadilisha. Kila wiki binti aliketi na muuguzi wakazungumza. Wazazi walipoitwa, wifi alikuja amefura. "Mmeniharibia mwanangu kwa vidonge."

"Mama, ugonjwa huu hukumletea wewe, wala huyu wifi yako," muuguzi alimjibu. "Shukuru kaja mapema."

Hakushukuru. Ila tangu siku ile alisimamia dawa za binti nyumbani kwa saa, asikose hata kidonge kimoja.

Baada ya miezi mitano sauti zilipungua, zikabaki kurudi siku za uchovu tu. Binti alirudi chuoni kurudia mwaka. Wazazi wake hadi leo wakikutana na Pilipili njiani huvuka upande wa pili, naye hawaiti.

Asubuhi ya kwanza ya masomo alimsindikiza mpwa wake hadi getini. Alitegemea walau asante.

"Ulinitoa ndani, hilo nalijua," binti alimwambia. "Lakini ya bombani niliyasikia. Ugonjwa wangu ulikuwa wangu kuusema. Hilo sijakusamehe."

Binti akaweka begi begani, akaingia chuoni.