Uthibitisho kutoka kwa Harlan

Verna Lindquist aliendesha basi la shule mjini Sorvik, kaskazini mwa Minnesota, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakutokea mtoto aliyethubutu kusimama basi likiwa mwendoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ya kwake mengi yalipitia kidoleni, kwenye kigongeo cha shaba, kidude cha kugongea ishara, alichokirithi kwa baba yake, mpiga simu za maandishi wa reli. Baba ndiye aliyemfundisha yeye na kaka yake Harlan lugha ile ya nukta na vistari, nao hata baiskeli walikuwa hawajaijua. Mezani waligongeana kwa vijiko, mpaka mama anafoka: "Semeni kwa mdomo kama watu!"

Harlan alihamia Alaska akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Alipata kazi kwenye kiwanda cha samaki kisiwani, akaoa huko, akabaki huko. Kila Jumapili ndugu hao walikutana redioni, wakigongeana nukta na vistari kupitia mawimbi. Zikapita Jumapili nyingi hata hakuna aliyezihesabu tena.

Kisha mama akafa, mwezi wa Machi. Harlan hakuja maziko. Alipiga simu kusema ndege haziruki kwa sababu ya ukungu, na Verna, aliyekuwa ametoka kumchagulia mama gauni la kuzikwa, akamjibu: "Mama amekufa anakuita wewe, halafu wewe unaniletea habari za ndege!" Akakata simu. Jumapili iliyofuata hakuwasha redio. Wala iliyofuata. Mwaka ukapita, ikapita tisa, na kila mmoja akakaa upande wake akingoja mwenzake aanze.

Jumanne moja ya Januari, jioni, saa kumi na mbili na dakika ishirini, Verna alikuwa akizungusha kitufe cha masafa huku chungu cha viazi na nyama kikiiva kwenye oveni. Akasikia mtu akiita. Mkono wake ukasimama. Mkono wa mtu kwenye kigongeo ni kama mwendo wake njiani, unamtambua kabla hujauona uso. Huyu alikivuta kistari cha mwisho kidogo, kama mtu asiyetaka kuondoka mlangoni. Hata kabla hajataja herufi na namba zake za leseni, Verna alishajua.

Akamjibu. Alipotaja namba zake, kule ng'ambo kukawa kimya, kimya kirefu, akadhani mawimbi yamekufa. Kisha zikaja nukta, taratibu: "Nakusikia vizuri, Verna. Huku baridi na theluji. Asante kwa kuniitikia. Sabini na tatu."

Sabini na tatu ndiyo kwaheri ya watu wa redio, na hupewa mtu yeyote, hata yule ambaye hutamsikia tena maishani. Verna naye akarudisha sabini na tatu. Akaandika kwenye daftari: saa, masafa, namba za Harlan. Viazi viliungua.

Zamani watu wa redio walithibitisha mazungumzo kwa kutumiana kadi za posta. Siku hizi kuna daftari la mtandaoni. Wewe unaingiza mazungumzo yako, mwenzako anaingiza yake, na kompyuta inayapatanisha. Yakilingana, kila mmoja anapata alama ya uthibitisho. Yasipolingana, mstari wako unabaki mtupu. Jumapili, baada ya kanisa, Verna alinakili mstari ule kutoka daftari lake, akautuma, akakaa kuutazama.

Mtupu. Jumatatu mtupu. Wiki ya pili mtupu.

Hakumweleza mtu. Lakini kila asubuhi, kabla hajachemsha kahawa, alifungua ukurasa ule akiwa bado na koti lake la kulalia. Mazungumzo yake na Mfini mmoja yalithibitishwa, ya Mjapani yakathibitishwa, hata ya baharia mmoja aliyesikika kwa sekunde ishirini tu. Ya Harlan, hapana. Alijiambia: amenijibu kwa adabu, kama anavyomjibu mgeni, na sasa hataki hata maandishi yaonyeshe tulisemezana. Angeweza kuchungulia siku ambayo Harlan alituma kumbukumbu zake mara ya mwisho, maana mtandao ule huonyesha. Hakuchungulia. Aliona huko ni kumpiga mtu chabo dirishani.

Wiki ya saba, kwenye kifungua kinywa cha Jumamosi cha watu wa redio, mzee Gus Pelto alimsogelea na sahani yake ya chapati za maji zilizolowa sharubati tamu ya utomvu wa miti.

"Bibie, mbona siku hizi unatafuna kama unafanya mtihani?"

"Kula chako, Gus."

"Nakula. Ila nina macho pia. Ni nani?"

Verna akasukuma daftari mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari. "Huyu hajanithibitishia."

Gus alimjua Harlan tangu utotoni. Aliusoma mstari kimya, mzaha wote ukamtoka. Kisha akaurudia tena, akivuta miwani.

"Verna. Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, ndiyo?"

"Imeandikwa, si unaona."

"Na tarehe umetuma hii hii, kumi na nne?"

"Ilikuwa tarehe kumi na nne."

"Hapa Sorvik, mama. Hapa Sorvik! Daftari la mtandaoni linataka saa za Griniwichi, na huko ilishaingia kumi na tano. Miaka hamsini uko redioni, unafanya kosa la mtoto wa wiki moja!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Verna hakucheka. Alishavaa koti, mkono mmoja ukiwa bado nje ya mkono wa koti.

Nyumbani hakuvua hata viatu, theluji ikayeyukia sakafuni. Akafuta kumi na nne, akaandika kumi na tano, na saa akaigeuza kuwa ya Griniwichi, akatuma. Akafungua ukurasa. Alama ilikuwepo.

Safari hii alichungulia. Harlan alituma kumbukumbu zake mara ya mwisho siku ileile, dakika kumi na moja baada ya kuagana. Kabla ya hapo hakuwa ametuma chochote kwa miaka minne. Alikuwa amewasha kompyuta kwa ajili ya mstari mmoja. Na kwa wiki saba, huko kisiwani, alikuwa akiutazama mstari mtupu kama yeye.

Verna alikaa akilia bila sauti. Kisha akapiga namba ya zamani, akiomba isiwe imebadilika.

"Haloo?" Sauti ilikuwa imezeeka.

"Nilikosea tarehe," Verna akasema.

"Nikadhani hutaki."

"Nami nikadhani hutaki. Nilitumia saa za hapa."

"Wewe? Saa za hapa?" Harlan akacheka. "Verna, siku ile ya mama... nilikuwa uwanja wa ndege. Siku tatu nimelala kwenye kiti, na suti yangu kwenye mfuko. Nilikupigia kutoka pale."

Verna akafumba macho. "Hukuniambia."

"Ulikata, dada."

Verna akamwambia gauni alilozikwa nalo mama lilikuwa lile la samawati, lenye vifungo vya lulu, naye Harlan akasema analikumbuka, ndilo alilovaa siku ya kumsindikiza kituoni. Walizungumza mpaka sikio likauma. Kuonana hawajaonana, magoti ya Harlan hayapandi ngazi za ndege tena, na Verna anamuuguza mume wake. Lakini Jumapili redio inawaka. Siku mawimbi yakiwa mabaya, Verna husikia mvumo mtupu, na hukaa hapo hapo saa nzima, mkono kwenye kigongeo, kwa sababu anajua kule nako kuna mtu amekaa.