Sauti Kwenye Bomba la Nyaya

Wanaonijua huanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba upepo wa Ufipa uliwahi kunibeba pamoja na ngazi yangu hadi paa la jirani. Sawa, pale nilitia chumvi. Hili la leo sijalitia hata chembe, na laiti lingekuwa uongo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, benki za watu binafsi zikaanza kuchipua hata huku kwetu Sumbawanga. Tukapata kazi ya umeme kwenye jengo la mojawapo, mimi na Oswadi, Mfipa wa Mpui. Sakafu ya ghorofani haikumwagwa kule juu. Mabamba ya zege yalimwagwa chini uwanjani, mabomba ya nyaya tumekwisha kuyalaza ndani yake, kisha winchi ikayapandisha. Bomba moja lilishuka hadi chumba cha hazina. Chumba kile, jamani! Kuta nene kama tembo wawili waliosimama ubavu kwa ubavu. Upige kelele mpaka koo lipasuke, nje hakuna anayesikia. Basi tukawa tunaongea kupitia bomba: mmoja juu anasukuma waya, mwingine hazina anauvuta. Oswadi alikuwa anaweka mdomo pale na kupayuka, "Haloo Ulaya! Leta mzigo!" Tunacheka mpaka nondo zinatetemeka.

Mwisho wa wiki Oswadi akateremka Mtowisa, kule bondeni, kufuata mchele. Jumatatu asubuhi, ukungu umefunika mji, nikapanda juu peke yangu. Naandaa waya, bomba likasema:

"Haloo Ulaya."

"We mshikaji! Umerudi saa ngapi?"

"Leta mzigo, bwana."

Nikasukuma. Akavuta taratibu, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Mwambie Leokadia afunge komeo."

Leokadia ni mkewe. Walipanga chumba mtaa wa Katandala, na Oswadi akisafiri, mama yule hafungi komeo. Mlango anaurudishia tu, ili lori likimshusha mumewe saa yoyote aingie moja kwa moja, asisimame kwenye baridi akigonga. Nikacheka. "Si umesharudi? Kamwambie mwenyewe."

Bomba likasema: "Mlango wa huku hauna kitasa kwa ndani."

Ni kweli hauna. Lakini ile sauti, niamini, ilikuwa ya mtu anayelia, na Oswadi sijapata kumsikia analia. Nikashuka mbio hadi kwa askari wa lindo.

"Shikamoo mzee. Nani kamfungia Oswadi hazina?"

"Marahaba. Oswadi yupi? Hazina haijafunguliwa tangu Jumamosi. Funguo anazo injinia."

Injinia alipokuja, akafungua. Hamna mtu. Waya wangu ulikuwa umevutwa, ncha imekunjwa na kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, vilevile afungavyo Oswadi. Fizikia niliisoma masomo ya jioni, na mwalimu wetu alikuwa hodari. Hili hakulifundisha.

Nikaenda Katandala. Leokadia alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nikamweleza yote. Akatabasamu.

"Shemeji, wewe na chumvi zako."

"Safari hii sitanii, shemeji."

"Haya. Akija utamwomba radhi kwa kumzushia."

Alasiri wakaja watu wa Mtowisa. Lori la mchele lilipinduka kwenye miteremko, Jumapili alfajiri. Oswadi alikuwa juu ya magunia.

Tulimzika Mpui. Miaka mingi imepita, na mlango wa Leokadia haujafungwa komeo. Wezi wameshamchukulia redio, masufuria, hata blanketi. Nimembembeleza, nimemnunulia kufuli, padri naye amesema mpaka amechoka. Jibu lake ni moja: "Wewe ulimsikia, shemeji. Mimi bado."

Mumewe alikuwa na neno moja tu la kumwachia, na njia pekee aliyoipata ni mimi, mtu asiyeaminika hata akisema mvua inanyesha.

Nikipita pale jioni nausukuma mlango kidogo. Unafunguka.

Kwa hiyo nyie mafundi mnaovuta nyaya kwenye majumba haya ya kuta nene, sikilizeni. Mwenzio usiyemtarajia akikuita kwenye bomba, usishuke kumtafuta, hutamkuta. Mzungumzishe. Mpe habari za mpira, mtanie, mdanganye lolote lile, huku mtu anakimbia kumwita mkewe aje atege sikio.