Lugha Aliyoichagua Marlys

Marlys Koskela alioka mikate kwa miaka ishirini na miwili hapa kwetu Duluth, kaskazini mwa Marekani. Mimi nilikaa nyumba ya pili kutoka kwake, na mkate mweusi wa nafaka ya rai niliokula karibu wote ulitoka mikononi mwake. Alipofikisha miaka arobaini na sita kifua kikaanza kumbana. Daktari akamwambia kinachomdhuru ni vumbi la unga, na asipoachana nalo atakuja kukosa pumzi kabisa.

Akavua aproni. Kwa wiki kadhaa hakujua afanye nini na mikono yake.

Maktaba ilikuwa na kozi ya bure ya kutunga programu za kompyuta, kwa watu wazima wanaobadilisha kazi. Fomu ilimtaka achague lugha moja ya kuiamuru kompyuta. Binamu yake Gene, anayefanya kazi hiyo Minneapolis, alimshauri kwa simu achukue JavaScript, kwani kila mwenye tovuti anaihitaji. Mwalimu wa kozi alimwambia Python ni nyepesi kwa anayeanza. Marlys aliwaitikia wote, lakini moyo wake ulikuwa kwenye COBOL, lugha ya zamani ya kompyuta.

Hiyo ndiyo lugha ya Arvid, baba yake aliyeishi naye. Alikuwa ameiandika miaka thelathini na moja katika kampuni moja ya bima. Sasa alikuwa na miaka sabini na sita, na kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono wa kulia na maneno karibu yote. Alibakiwa na "kahawa", "hapana" na machache mengine. Marlys aliniambia kwamba tangu kiharusi hajawahi kuzungumza na baba yake kwa zaidi ya dakika mbili.

Asubuhi moja nilikuwa kwao nikinywa kahawa. Marlys akapanda kutoka chumba cha chini ya nyumba na kitabu cha zamani cha COBOL cha mzee, akakiweka mezani mbele yake. Arvid akakifunua. Akapitisha kidole kwenye mistari, akatabasamu hadi machozi yakamlengalenga. Kisha akakifunga, akakisukuma mbali.

"Hapana," akasema.

Marlys alibadilika uso. "Baba, si lugha yako hii? Nilitaka tupate cha kuongea."

Mzee alitafuta maneno kwa muda mrefu.

"Yangu," akasema, akigusa kitabu. "Imechoka." Akamnyooshea binti yake kidole. "Wewe… mpya."

"Nikijifunza mpya nitakuwa peke yangu, Baba."

Arvid akavuta kiti cha pembeni yake kwa mkono wa kushoto, akakipigapiga.

"Wawili," akasema.

Basi Marlys akajaza Python kwenye fomu, na wakaanza wote wawili pamoja. Kila alasiri alirudi na somo, wakakaa bega kwa bega mbele ya kompyuta ya jikoni. Lugha ilikuwa ngeni kwa mzee pia, lakini jicho lake la kazi lilikuwa zima. Marlys akisahau nukta pacha mwishoni mwa mstari, Arvid aligonga kioo kwa kijiko. Mara ya tano kwa siku moja alimwita kichwa maji, neno ambalo hatukuwa tumelisikia kwake tangu augue. Marlys alicheka hadi akakohoa, akamwomba amtukane tena.

Maneno hayakurudi yote. Yalirudi ya kutosha kubishana.

Mwaka na nusu ulipita kabla Marlys hajapata kazi, baada ya kukataliwa mara kumi na moja. Aliajiriwa na ofisi ndogo inayopanga safari za gari za kuwapeleka wazee kliniki, na programu anazoandika ndizo zinazopanga nani achukuliwe saa ngapi. Wenzake wana umri wa kuwa wanawe, na miezi ya mwanzo alirudi nyumbani akiwa hoi.

Nilipita kwao juzi. Marlys alikuwa ndiyo kwanza anaingia, bado na koti la baridi, akimsimulia baba yake kosa lililomtesa mchana kutwa. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Nionyeshe," akamwambia.